Cheo na Moyo

Mchochota ni namna mwili unavyojitetea: jeraha huvimba, hupata joto, kisha hupona. Upo pia mchochota wa chini kwa chini, usiouma wala kuonekana, unaodumu miaka mingi ndani ya damu. Ini huongeza protini iitwayo CRP, inayopimika maabara. Kuta za mishipa hudhurika, mafuta hujikusanya humo, na utando wake ukipasuka damu huganda na kuziba mshipa wa moyo.

Mzigo huu haugawanyiki sawa. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967, uliwafuatilia wanaume wapatao 18,000 watumishi wa serikali. Hawakuwa mafukara; wote walikuwa na ajira. Hata hivyo matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo, mara tatu hivi kuliko wakuu wao. Sigara, shinikizo la damu na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, na hilo linashtua kweli. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kujumuisha wanawake, ulikuta viashiria vya mchochota viko juu zaidi kwa wenye vyeo vya chini. Uvutaji sigara na unene vinahusika, na pia msongo wa kazi isiyompa mtu kauli, usingizi haba na dhiki ya utotoni.

Mwaka 2017 jaribio la CANTOS lilionyesha kuwa kutuliza mchochota kwa dawa, bila kushusha kolesteroli, hupunguza mishtuko ya moyo. Lakini dawa hiyo ni ghali, na iliongeza vifo vya maambukizi.