Kikosi Kinaweza Kutenda Dhambi?

Kuruta mmoja akiacha kitanda bila kukitandika, hanga zima linagaragara matopeni. Adhabu hiyo niliila nikiwa depo, na nilipopata ukoplo nikaisimamia. Siiti haki. Inamfundisha kijana kwamba uzembe wake unaweza kumuua mwenzake, basi. Lakini sasa nimestaafu, ni mzee wa kanisa, na vijana wananiuliza swali ambalo jeshini hatukuwa na nafasi ya kuulizana: mbele ya Mungu kuna dhambi ya kikosi, au kuna dhambi za askari mmoja mmoja tu?

Jeshi limepangwa ili mtu ajisahau ndani ya wenzake. Seksheni imo ndani ya platuni, platuni ndani ya kombania, kombania ndani ya batalioni, na batalioni ina namba na sifa zinazodumu kuliko maisha ya askari yeyote. Angalia Batalioni ya Sita ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza. Mwaka 1902 ilikuwa ya Somalia ya Waingereza, mwaka 1910 ikavunjwa, mwaka 1917 namba ile ile ikafufuliwa na kupewa askari waliotoka jeshi la Wajerumani. Waliokuwa wakiipiga KAR risasi wakavaa beji yake! Mei 1941 batalioni hiyo ilikuwa Colito, Ethiopia, ambako Sajenti Nigel Leakey alirukia kifaru cha adui na kukifungua kwa mikono yake. Alipewa Msalaba wa Victoria akiwa ameshakufa. Ushujaa ulikuwa wa mtu mmoja, lakini kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, na kila aliyelala humo akajiona ana sehemu yake.

Kama sifa inagawanywa hivyo, aibu je? Tarehe 20 Januari 1964, katika kambi hiyo hiyo, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithi batalioni ile, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakadai mishahara na makamanda Waafrika. Kesho yake Tabora nayo ikaasi. Tarehe 25 makomando wa Uingereza, walioitwa na serikali yetu wenyewe, waliyazima maasi, na Nyerere akalivunja jeshi lile. Walikuwamo waliopanga, na walikuwamo waliofuata mkumbo kwa hofu.

Nabii Ezekieli anakataa katakata kwamba mwana abebe uovu wa baba yake. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, ananiambia Kurani nayo haimtwishi mtu mzigo wa mwenzake. Nawakubali wote wawili, na bado naamini Nyerere alifanya sawa. Kikosi hakina roho ya kuhukumiwa. Kilicho nacho ni amana: wananchi wamekikabidhi bunduki. Amana ikivunjwa, bunduki inarudishwa, hata ile iliyo mikononi mwa asiye na hatia, na kurudisha si kutiwa hatiani. Viongozi wa maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kila mtu kwa jina lake. Na Mrisho Sarakikya, ofisa wa Tanganyika Rifles hiyo hiyo, ndiye aliyekabidhiwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Angehesabiwa kwa kikosi chake, asingeaminiwa.

Ila msimamo huu una gharama, na vijana hawaipendi. Colito ikageuzwa jina, ikaitwa Lugalo, kwa heshima ya Wahehe walioangamiza huko Lugalo msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Nimekaa kambi hiyo, nimeimba mchakamchaka alfajiri nikijisikia mshindi. Lakini nikikataa kubeba hatia ya walionitangulia, nitadaije ushindi wao? Siwezi kuchagua urithi mtamu na kuukana mchungu. Ushindi wa Lugalo ni wa waliokuwapo siku ile. Sisi tumepewa jina ili tulilinde, na hilo ni jukumu, si sifa.

Tena katika msafara wa Zelewski wengi waliokufa walikuwa askari Waafrika, wakiwemo walioajiriwa kutoka Sudan na Msumbiji. Nao walikula kiapo, nao walikuwa na mama zao. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nimeomba kanisani kwetu wakumbukwe pia katika sala. Wazee wenzangu wawili bado wanapinga. Mwaka huu nitaomba tena.