Ushindi Ulio Halali

Soma 2 Timotheo 2:5 na Marko 7:9–13. Je, mtu anaweza kuyashika maneno ya sheria huku akiivunja?

Michezo ya UMISSETA huanzia ngazi za chini, katika kata kama Busi yetu, ikapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Sote tunalijua neno mamluki: mtu asiye mwanafunzi anayevalishwa jezi ya shule. Huo ni udanganyifu wa wazi. Lakini tuseme kijana mwenye kipaji anahamishwa shule wiki chache kabla ya michezo, kwa barua na mihuri yote, kisha michezo ikiisha anarudi alikotoka. Wahusika wakiulizwa wanajibu, "Imekatazwa wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa Korbani. Mali ilitajwa kuwa wakfu, utaratibu ukafuatwa, na wazazi wakabaki bila msaada. Yesu hakuridhika na utaratibu, alimtazama aliyeumizwa.

Katika mfano wetu pia yuko aliyeumizwa: kijana aliyefanya mazoezi muhula mzima akaishia benchi, na wapinzani walioamini kwamba wanacheza na wanafunzi wa shule ile. Kanuni ya mchezo ni ahadi tunayompa mpinzani. Anayetafuta mwanya ndani yake amekwisha kuivunja moyoni, na Paulo anafundisha kwamba mtu wa namna hiyo hana taji.

Tafakari: Katika biashara, mtihani au kazi yako juma hili, ni wapi umeuliza "Imekatazwa wapi?" badala ya "Nani ataumia?"