Je, Siri ya Damu ni ya Nani?

Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wetu alitujia jioni, akatuomba jambo ambalo hatujapata kuombwa. Hakuomba fedha. Aliomba tunyamaze. Leo ametupa ruhusa kuandika, mradi tusimtaje jina, nasi twaona habari yake yafaa kufikiriwa na kila mwenye ndugu.

Tangu utotoni alikuwa akitokwa na damu puani, na marehemu baba yake vile vile. Nyumbani walisema ni joto la kiangazi. Midomoni ana vidoadoa vyekundu ambavyo hakuna aliyevijali. Kwa miaka mingi alipewa dawa za malaria na za minyoo kwa sababu ya upungufu wa damu, na katika hospitali moja alichomwa ndani ya pua mara tatu, hata pua ikazidi kuharibika. Kisha mdogo wake wa kiume, fundi seremala wa miaka 38, akapatwa na kiharusi. Daktari kijana aliyempokea alimtazama midomo, akauliza habari za pua, akauliza habari za baba, ndipo akaagiza apigwe picha ya mapafu.

Ugonjwa huu huitwa HHT kwa kifupi. Zamani uliitwa kwa majina ya matabibu watatu, Rendu, Osler na Weber, walioueleza kati ya mwaka 1896 na 1907. Kwa kawaida damu itokayo moyoni hupita katika vimishipa vyembamba kama nywele kabla ya kurudi. Kwa wagonjwa hawa, mahali pengine vimishipa hivyo havipo, na mshipa wa kupeleka damu umeungana moja kwa moja na ule wa kurudisha. Puani matokeo yake ni kutoka damu. Lakini katika mapafu, vile vimishipa ndivyo chujio letu. Pasipo chujio, bonge dogo la damu au vijidudu vya jino bovu huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Ndivyo alivyoanguka yule fundi, naye hajawahi kukohoa hata siku moja.

Tena ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu ya bahati ya kuupata, kama kurusha sarafu. Hukadiriwa kuwa mtu 1 katika watu 5,000 anao. Kama kwetu ni hivyo hivyo, basi kati ya Watanzania milioni 61 na zaidi waliohesabiwa mwaka 2022, wapo kama 12,000, na wengi wao wanasema ni joto.

Daktari alimwambia mama huyu awaite ndugu zake wote na watoto wake wapimwe. Hapo ndipo alipotujia. Posa ya binti yake ilikuwa imekwisha kupokelewa. "Ndugu zangu," alisema, "mkilitamka hili, watasema ukoo wetu una damu mbaya, na mwanangu ataachwa."

Tuliulizana sana. Mmoja wetu alisema mwili ni wake na siri ni yake. Mwingine, mzee wa kanisa, alitaka ukoo mzima uitwe siku hiyo hiyo. Kwa maoni yetu wote wawili walikosea. Mtu akiona ubao wa daraja umeoza, hawezi kusema ni siri yake, kwa maana wengine watapita. Hata hivyo ubao huu si wa daraja; aibu imo katika nyumba yake na hatari imo katika vifua vya wengine, na sisi tusiobeba hata moja kati ya hizo twaona ni rahisi kuamua. Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 alisema habari zake mwenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyemsemea.

Kwa hiyo tulimwambia hatutasema, ila yeye atapaswa kusema, na wa kwanza awe binti. Mimba humwongezea kazi moyo na mapafu, na ingawa wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa salama, mwenye mshipa wa namna hiyo katika pafu usiotibiwa aweza kuvuja damu kifuani. Kumwacha aolewe bila kujua kungekuwa kumnunulia heshima kwa uhai wake.

Lakini kusema tu hakutoshi. Kumwambia mtu huenda ana hatari kifuani, kisha kumwacha njia panda, ni ukatili. Uholanzi na Marekani kuna kliniki ambako mabingwa wa pua, mapafu, ini na ubongo hushauriana juu ya mgonjwa mmoja. Huku kwetu mara nyingi mgonjwa hutembea mlango kwa mlango, na kila bingwa huona kipande chake. Basi kabla mama hajasema, tulinunua daftari. Mwalimu mmoja mstaafu aliandika ndani yake ukoo wote, nani hutoka damu na nani alikufa ghafla, akapata barua ya rufaa, akaulizia kipimo chenyewe. Maji ya chumvi hutikiswa pamoja na hewa kidogo, huingizwa katika mshipa wa mkono, na mashine ya kutazama moyo huonyesha kama mapovu yanavuka mapafu. Si kipimo cha gharama kubwa ukikilinganisha na fundi anayelishwa kwa kijiko. Yakivuka, hufuata picha kubwa zaidi, na bingwa aweza kuuziba mshipa kwa kupitisha mrija kutoka kwenye paja. Ukurasa wa mwisho aliandika kwa wino mwekundu: kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari juu ya HHT, akupe dawa ya kuzuia vijidudu.

Mama alimwambia binti yake jikoni, wawili tu. Binti alipimwa, akakutwa na mshipa mmoja, ukazibwa. Mchumba alielezwa naye mwenyewe. Arusi imesogezwa mbele, haijavunjwa. Ndugu wanne wamekwenda kupimwa. Kaka mkubwa aliye Tanga amekataa. Asema pua ni yake. Tulimtumia nauli kwa simu mwezi uliopita, akairudisha siku ile ile. Ana watoto watano, nasi bado hatujakubaliana kama tuwaandikie wao.