Je, tumpokee mbwa aliyelelewa na mwingine?



Watu wengi wakitaka mbwa hutafuta mtoto wa mbwa. Husema kwamba mkubwa amekwisha kuzoea njia za mwingine. Sisi nyumbani mwetu tulipokea mkubwa. Ni wa ule ukoo wa wawindaji wa msitu wetu, ambao wageni huuita basenji: masikio yake yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, wala habweki kama mbwa wengine. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kusikia anapopita. Jina lenyewe ni la dharau, ni ndugu wa neno «washenzi». Hata hivyo, mwaka wa 1937 mbwa hao walionyeshwa kule London, katika maonyesho makubwa ya mbwa.

Mwindaji, mwenye mbwa huyu, alikufa. Mbwa akabaki njiani, watoto wakimtupia mawe. Tulimfunga kidonda, tukamchanjisha juu ya kichaa cha mbwa, tukampa mahali pa kulala. Juma la pili akaua kuku wa jirani. Watu wakatuambia: «Mfukuzeni, si ninyi mliomlea.» Ndipo swali likatuingia moyoni: je, tutajibu kwa kosa ambalo hatukulifundisha?

Tuliona kwamba ndiyo. Kukamata alifundishwa, na kwa kukamata alisifiwa. Yeye hajui kwamba sifa ya jana imekuwa kosa leo. Sisi tunajua, basi anayejua ndiye alipe. Tulilipa kuku, tukatengeneza lupango vizuri.

Wengine wanauliza: mbona kulisha mbwa, na watoto wana njaa? Ni swali la haki. Kwetu mtoto anakula kwanza. Mbwa anapata mabaki ya bukari na vichwa vya ndagala. Asiyeweza hata hayo, asimchukue, maana kumchukua na kumtupa tena ni kumpiga mara mbili.

Mpaka leo mtu akiinua ufagio, anakimbilia chini ya kitanda. Hatumcheki. Mezali 12:10 inasema juu ya mwenye haki na mnyama wake. Tulifikiri sana juu ya neno hilo «wake». Hatukumzaa, hatukumfundisha, lakini siku ile tulipomfungulia mlango, aliingia pamoja na woga wake na makosa yake, na yote yakawa yetu.

Anayetaka kumpokea mkubwa, apokee na siku zake za nyuma.