Kabla ya Kupaka Chokaa

Mvua za mwisho zikiisha kunyesha, mnamo mwezi wa tano, watu wa vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika huanza kuzitazama nyumba zao. Wakati wa masika hawakuwa na nafasi: asubuhi shamba liliwaita, na jioni walirudi wamelowa, wakitafuta moto tu. Sasa jua limetulia, nalo ni shahidi asiyempendelea mtu. Huonyesha chini ya ukuta ule udongo mwekundu uliorushwa na matone ya paa. Huonyesha njia za mchwa zilizopanda toka msingi hata kwenye boriti, na moshi uliotia weusi juu ya mlango wa jikoni. Ndipo baba wa nyumba husema: Mwaka huu nyumba hii lazima ipakwe.

Neno hilo ni jema. Nyumba safi ni heshima ya wale walalao ndani yake, wala umaskini si kisingizio cha uchafu, kwa maana udongo mweupe, ule uitwao pemba, hauna bei kwa mtu aliye tayari kuuchimba. Lakini kila fundi mzee ajua kwamba kupaka ni kazi ya siku moja au mbili, na kuuweka ukuta tayari ni kazi ya juma zima. Watu wengi hupenda ile ya siku moja.

Katika Agano la Kale, kitabu cha Walawi, sura ya 14, zimo amri juu ya nyumba iliyoingiwa na ugonjwa, yaani madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani ya ukuta. Wasomaji wengi huipita sura hiyo upesi, wakidhani ni habari za Wayahudi wa kale tu. Walakini hakuna sura katika Maandiko ambayo fundi wa nyumba angeifahamu vizuri zaidi. Kuhani aliyeitwa hakuambiwa alete chokaa. Aliagiza kwanza vyombo vyote vitolewe nje kabla yeye hajaingia, na hiyo ilikuwa huruma, kusudi mwenye nyumba asipoteze vyombo vyake pamoja na ukuta. Kisha aliifunga nyumba siku 7. Akirudi na kuona doa limeenea, mawe yenye ugonjwa yaling'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta ukakwanguliwa ndani pande zote, na vumbi lake likamwagwa mahali pasipo safi. Hapo tu ndipo yalipoletwa mawe mengine na udongo mwingine. Na doa likirudi baada ya hayo yote, nyumba ilibomolewa.

Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 13, aliwashitaki manabii wa uongo kwa neno hilohilo la ujenzi. Watu walijenga ukuta usio na nguvu, nao manabii wakaja na chokaa yao wakaupaka, wakawaambia watu kwamba kuna amani. Mvua na mawe ya barafu vitaonyesha, alisema, ukuta ule ulikuwa wa namna gani. Na Bwana Yezu alipowafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, wasikilizaji wake walielewa mara moja, maana Wayahudi walikuwa na desturi ya kuyapaka makaburi kabla ya Pasaka ili wasafiri wayaone kwa mbali wasiyaguse, wakatiwa unajisi. Chokaa ile haikuwa pambo. Ilikuwa alama ya hatari. Neno hilo lilikuwa kali kuliko linavyosikika leo.

Basi, katika kijiji kimoja cha ng'ambo hii ya ziwa palikuwa na mama mjane. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, iliyojengwa na marehemu mumewe. Binti yake wa mwisho alikuwa karibu kufunga ndoa kanisani, na kijana wake wa kwanza akatoka mjini akiwa na fedha za kununua rangi ya mafuta, ile ing'aayo kama kioo. Alitaka wageni waione nyumba ya mama yake toka njiani. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Ni fahari ya mtoto amheshimuye mzazi wake.

Asubuhi moja wakaanza kutoa vyombo nje. Nyumba iliyokaliwa miaka mingi, ikitolewa vyombo vyake mbele ya majirani, huona haya kidogo, kama mzee aliyevuliwa kanzu. Vikatoka vitanda, masanduku, mikeka, mitungi, kinu na mchi, nyungo tatu, na taa ya mafuta isiyo na kioo. Chini ya kitanda binti aliokota rozari iliyokatika uzi, ambayo mama aliitafuta Kwaresima nzima. Akafurahi kama yule mwanamke wa Injili aliyefagia nyumba yake hata akaiona shilingi yake. Kuta zenyewe zikaanza kusema. Hapa, doa la mafuta mahali marehemu alipoegemeza kichwa wakati wa sala ya jioni. Pale, alama za kisu zilizoonyesha urefu wa watoto mwaka kwa mwaka, mmoja akimpita mwingine. Chini ya msalaba, weusi wa taa.

Mwisho wakaliondoa kabati. Nyuma yake palikuwa na jina la jirani, limeandikwa kwa makaa, na chini ya jina mistari 11. Mistari 5 ilikuwa imekatwa. Mistari 6 haikukatwa.

Kijana hakuelewa, lakini mama alielewa. Zamani, mwaka wa njaa, jirani yule aliwakopesha vikapu 11 vya unga wa mihogo. Marehemu alilipa 5, akafa. Jirani hakuja kudai hata siku moja. Aliacha tu kupita pale nyumbani, na watoto wakakua wakijua kwamba mzee yule ni mwenye kiburi, asiyesalimia watu.

Kijana akasema, "Mama, hayo ni mambo ya kale. Tukwangue, tupake."

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akajibu, "Baba yako aliandika hapa ili paonekane, mwanangu. Kabati niliweka mimi."

Neno hilo dogo lilikuwa maungamo. Katekisimu yafundisha kwamba mwenye kupokea sakramenti ya Kitubio hutafuta kwanza dhambi zake moyoni, huzijutia, hukusudia kutozirudia, huziungama, na hufanya malipizi. Wengi hufika haraka kwenye kuungama, kwa sababu pale mzigo huondoka. Lakini kazi ya kwanza ni kuvitoa vyombo nje, na katika kila nyumba kuna kabati moja lisilopenda kusogezwa. Tena padri aondoleapo dhambi kwa uwezo aliopewa na Kristu, haondoi deni la jirani. Unga ulioliwa hurudishwa kwa unga, au kwa thamani yake, kama mdeni anao uwezo. Zakayo aliyafahamu hayo bila kuambiwa: Bwana alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alisimama akataja atakavyorudisha.

Kijana alikasirika, na hasira yake haikuwa ya bure. Fedha za rangi ndizo zilizokuwapo, hapakuwa na nyingine, na siku ya ndoa ilikuwa karibu. Aibu ya nyumba yenye madoa huonekana na wote. Aibu ya mistari 6 ilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amekaa kimya miaka mingi. Jioni ile hakula. Asubuhi akaenda sokoni, akanunua vikapu 6 vya unga, akavipeleka kwa jirani pamoja na mama yake.

Mzee hakulia, wala hakumkumbatia mtu. Akavipima vikapu kimoja kimoja, maana haki ni haki, akavipokea, akawapa viti. Halafu akamwuliza kijana, "Mlitaka kupaka nini?" Kijana akamwambia. Mzee, ambaye katika ujana wake alikuwa mwashi, akatikisa kichwa.

Maneno aliyoyasema ni ya kweli, na afadhali kila mwenye nyumba ya udongo ayajue. Tofali bichi hunywa maji toka ardhini na toka mvuani, kisha huyatoa polepole kupitia uso wa ukuta. Mtu akiufunika uso huo kwa rangi ya mafuta, au kwa saruji ngumu, maji hayana njia ya kutoka. Hukaa nyuma ya lile ganda, yakilainisha tofali, na baada ya masika mawili au matatu ganda huachana na ukuta, likaanguka vipande vipande, na udongo ukaanguka nalo. Chokaa haiuzibi ukuta hivyo, huuacha upumue.

Akaja kuitazama nyumba. Hakuanza na ukuta, alianza na paa, maana manyasi ya upande wa ziwa yalikuwa yameoza. Yakabadilishwa. Akaagiza udongo uliorundikana chini ya ukuta uondolewe, na mfereji uchimbwe ili maji ya mvua yaende zake. Njia za mchwa zikabomolewa, na shimo lao likafuatwa. Mahali palipolegea pakakwanguliwa hata kufikia udongo mgumu, pakazibwa kwa udongo uliochanganywa na manyasi yaliyokatwakatwa, pakaachwa pakauke. Siku 6 zilipita, na mpita njia angesema kwamba nyumba imezidi kuwa mbaya.

Mlango ulihitaji uangalifu mwingine. Ulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani sana, na rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Mwaka 1921 mataifa yaliyokutana Geneva katika Shirika la Kazi yalifanya mapatano ya kuizuia risasi nyeupe katika kazi ya kupaka, kwa kuwa ilikuwa ikiwaua mafundi polepole. Vumbi lake huharibu akili za watoto wadogo, na Shirika la Afya Ulimwenguni lasema hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa hakidhuru. Kwa hiyo mlango ulilowanishwa kabla ya kukwanguliwa ili vumbi lisiruke, watoto wakapelekwa mbali, na takataka zikafungwa na kuzikwa mbali na kisima, wala hazikuchomwa moto. Kumbe hata yale mashauri ya Walawi juu ya vumbi la ukuta hayakuwa upuzi.

Kwa fedha zilizobaki ilinunuliwa chokaa kidogo. Yafaa kufikiri chokaa ni kitu gani. Ni jiwe lililochomwa katika tanuru, kwa joto la digrii 900 hivi, hata hewa iliyofungwa ndani yake ikatoka. Likitiwa majini huchemka lenyewe bila moto. Kwa sababu hiyo chokaa hutiwa ndani ya maji mengi, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa, na mwenye kuikoroga huyalinda macho yake. Ikiisha kupakwa, huivuta tena toka angani hewa ileile iliyoipoteza katika tanuru, nayo siku kwa siku hurudi kuwa jiwe. Ni kali kwa ukungu na kwa vidudu, na ndiyo sababu wazee waliipaka nyumba baada ya ugonjwa.

Mzee akaufanya ujiji mwepesi kama maziwa. Kijana aliona ni maji matupu, akataka kuongeza chokaa. Mzee akamzuia: ikipakwa nzito hupasuka na kuanguka kama magamba ya samaki, nyepesi, mara tatu, ndiyo hushika. Akamwonya pia asipake ukuta mkavu, maana ukuta mkavu huinywa chokaa kabla haijashika. Basi ukuta ukanyunyiziwa maji, na kijana akapanda ngazi ya jirani na burashi mkononi.

Jioni binti alitoka kutazama, akahuzunika. Ukuta ulikuwa wa kijivu, na madoa yote yalionekana kama hapo kwanza. "Mzee, haikushika," akasema. Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, chokaa mbichi haionyeshi kitu. Lala kwanza."

Asubuhi nyumba ilikuwa nyeupe. Sehemu moja tu, ndani, mahali pa kabati, makaa yalikuwa yamezama sana katika udongo, na mistari ilionekana bado chini ya chokaa, hafifu, mtu akijua pa kutazama. Mama aliiona, akasimama pale bila kusema neno. Mzee akaingia kuomba maji ya kunywa, naye akaiona. Akaiweka kata chini, akalowanisha ukuta kwa mkono, akachukua burashi, akapaka mahali pale mara ya pili. Kesho yake alirudi mapema, kabla kijana hajaamka, akapapaka mara ya tatu.