Mtu Akishindwa Kuimba, Nani Amwimbie?

Somo: Mithali 25:20, Matendo 16:22-34, Yakobo 5:13-16

Jumapili iliyopita tulikuwa gerezani Filipi pamoja na Paulo na Sila, tukawasikia wakiimba usiku wa manane migongo ikiwa bado inavuja damu. Baada ya ibada, washirika kadhaa waliniuliza jambo moja kwa njia tofauti, na nikaona si jambo la kujibiwa mlangoni tukisalimiana. Swali ni hili: ikiwa kuimba pamoja kunamfaa mtu mwili na roho, je, tuna haki ya kumwambia aliyevunjika moyo aimbe?

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu alizika mtoto. Kwenye matanga tulikuwa naye, tukaimba mpaka asubuhi. Lakini aliporudi kanisani baada ya mazishi alikuwa anakaa karibu na dirisha, mdomo umefungwa. Wiki zikapita, miezi ikapita. Sifa zinapanda, watu wanaruka, yeye anaangalia sakafu. Siku moja katika ushirika wa nyumbani nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama, fungua kinywa chako. Ukinyamaza adui anafurahi." Nilidhani namtia nguvu. Hakunijibu. Jumapili mbili zilizofuata hakuonekana.

Nilienda kwake kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa chai, tukakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Pasta, mimi sijamkasirikia Mungu. Nikifungua mdomo kitakachotoka ni kilio, na nikianza kulia sijui nitanyamaza saa ngapi. Lakini msiache kuimba. Hapa kwangu nyumba iko kimya sana. Mimi huja huko nisikie watu."

Maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu vingi. Nataka tuyapime kwa Neno, kisha kwa mambo tunayoyajua juu ya mwili, kisha kwa desturi yetu wenyewe.

Biblia haifichi kwamba wimbo unaweza kuumiza

Mithali 25:20 inasema wazi kwamba kumwimbia mtu mwenye moyo mzito ni sawa na kumvua nguo siku ya baridi. Sisi wa milima hii tunaijua baridi ya mwezi wa saba. Hakuna mtu anayemvua mwenzake sweta asubuhi ya Julai halafu aite hiyo huduma.

Tena iko Zaburi ya 137. Watu wa Mungu wako utumwani Babeli, na waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za kwao, wachangamke. Wao wakatundika vinubi vyao mitini. Mungu hakuwakemea kwa kunyamaza. Kinyume chake, kilio chao kimehifadhiwa katika Biblia, katikati ya kitabu cha nyimbo.

Sasa rudi kwa Paulo na Sila. Angalia ni nani aliyeimba. Ni wale wawili waliopigwa, wakaimba kwa hiari yao. Askari wa gereza hakusimama mlangoni akawaambia, "Imbeni mtasikia nafuu." Angefanya hivyo, wimbo ungekuwa kiboko kingine. Na maandiko yanasema wafungwa wengine walikuwa wanawasikiliza. Hawa hatuambiwi waliimba. Walisikiliza tu. Lakini mlango ulipofunguka, na minyororo ilipolegea, haikulegea ya waimbaji peke yao. Ilikuwa ya wote, pamoja na wale waliokaa kimya gizani.

Hapo ndipo nilipomwona yule mama karibu na dirisha.

Mwili nao una ushuhuda

Wengine husema, "Pasta, mambo ya kuimba na afya ni ya wazungu." Lakini aliyeumba roho ndiye aliyeumba mapafu. Ukiongea, unavuta pumzi unavyotaka. Ukiimba, wimbo ndio unaokuamulia: unavuta haraka, unaachilia polepole mpaka mwisho wa mstari. Pumzi ikitoka polepole namna hiyo, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi. Watu hamsini wakiimba mstari mmoja, wote wanapumua pamoja. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, walipima mioyo ya vijana wa miaka 18 walipokuwa wakiimba, wakakuta mapigo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, yakifuata mwendo wa wimbo. Sisi tumekuwa tukisema kanisa ni mwili mmoja. Kumbe tukiimba, hata mioyo hiyo ya nyama inakaribia kusema hivyo.

Kule Uingereza, matokeo ya utafiti mwingine yalitolewa mwaka 2018. Ulikuwa na akina mama 134 waliolemewa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Wengine waliwekwa katika vikundi vya kuimba na watoto wao kwa wiki kumi. Wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi, wakaimba, walipata nafuu mapema kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida tu. Mama aliyejifungua hapa Kenyenya na sasa hataki kuonana na mtu, tusiseme haraka kwamba ana kiburi au ana pepo. Huenda ni mgonjwa, na huenda anahitaji daktari pamoja na akina mama watatu wa kukaa naye na kumwimbia mtoto.

Tusiende mbali sana. Jirani zetu wa Uganda, mwaka 1987, wakati watu walikuwa wanaogopa hata kushika kikombe cha mwenye UKIMWI, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO. Ndani yake vikundi vya watu wanaoishi na virusi vilitunga nyimbo na michezo, wakaenda kuimba mbele ya umma na kutoa ushuhuda. Hebu fikiria ujasiri huo: kusimama mbele ya majirani wanaokukimbia na kuwaambia kwa wimbo hali yako ilivyo. Wimbo haukuua virusi. Dawa zilikuja baadaye, na dawa ndizo zinazoshikilia maisha ya wengi mpaka leo. Lakini miaka ile dawa haikuwepo, wimbo ulimpa mgonjwa ulimi wa kusema lisilosemeka, na ukampa jirani sababu ya kusogea karibu.

Ni lazima niseme na upande wa pili. Machi 10, 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilikutana kufanya mazoezi. Walikuwa watu 61. Baada ya siku chache 53 walikuwa wagonjwa wa korona, na wawili wakafariki. Pumzi ile ile inayotuunganisha ilibeba ugonjwa. Mnakumbuka hapa Kenya makanisa yalifungwa, na yalipofunguliwa Julai tuliambiwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Wakati ule kunyamaza kulikuwa ni upendo. Kwa hiyo wimbo si sanamu. Uko chini ya amri ya kumpenda jirani, kama karama nyingine zote.

Egesangio

Basi jibu ni nini? Mimi nimelipata shambani.

Wazee wetu walikuwa na egesangio. Watu wanakusanyika, leo wanapalilia kwa fulani, kesho kwa mwingine, keshokutwa kwako. Na walikuwa wakipalilia kwa nyimbo. Wimbo uliweka mwendo wa majembe, mwenye nguvu asikimbie mbele, mdhaifu asiachwe nyuma. Mtu akichoka, alisimama akapumua, na mstari ukaendelea kusonga. Hakuna aliyemwambia kwamba shamba lake halitapaliliwa kwa kuwa leo mgongo unamuuma. Hiyo ni zamu. Siku yake ya nguvu itafika, naye atalima kwa wengine.

Wapendwa, wimbo wa kanisa ni egesangio. Leo mimi nina pumzi, wewe huna. Naimba mstari wako. Sikuimbii ili ujione mdogo, wala sikuimbii ili uchangamke haraka niache kusumbuka nawe. Naimba kwa sababu ni zamu yangu, na kwa sababu nakumbuka siku ambayo nilikuwa mimi. Yakobo anasema mwenye furaha aimbe zaburi, na aliye mgonjwa awaite wazee wamwombee. Hakumwambia mgonjwa aimbe. Alimwambia aite watu. Kazi ya mgonjwa ni kuita. Kuja ni juu yetu.

Kwa hiyo nikiulizwa, "Tuna haki ya kumwambia aimbe?" nasema hapana. Haki iko upande wake. Yeye ndiye mwenye haki ya kusikia sauti zetu, na sisi ndio wenye deni. Kumdai wimbo mtu aliyeishiwa ni kumfanya alipe deni letu.

Mambo manne tuyashike

La kwanza, tusimlazimishe mtu. Ile kauli ya "mwambie jirani yako apaze sauti, asiyeimba ana shida na Mungu" tuiache. Nimeitumia, nimetubu.

La pili, tusikianeni. Mungu ametubariki na spika, kinanda na kikundi cha sifa, na sisemi tuviuze. Lakini kama spika ni kubwa mpaka humsikii aliye karibu nawe, basi wale walio jukwaani wanatulimia na sisi tumekaa kando ya shamba tunatazama. Jumapili moja stima ilipotea katikati ya sifa. Kinanda kikanyamaza, maiki zikafa, zikabaki sauti zetu na makofi chini ya mabati. Yule mama alikuwa mahali pake pa siku zote. Aliyekaa karibu naye aliniambia baadaye kwamba alimsikia akifuatisha tuni, mdomo umefungwa, bila maneno. Mimi nilikuwa mbele, sikusikia kitu. Nimewaambia vijana wa mitambo: kuanzia sasa, wimbo mmoja kila Jumapili tutauimba bila spika.

La tatu, wimbo usichukue mahali pa hospitali. Rudi tena Filipi. Nyimbo zilikuwa zimeimbwa, tetemeko lilikuwa limepita, milango iko wazi, na bado Paulo na Sila walikuwa na vidonda. Yule askari aliviosha kwa maji saa ile ile ya usiku. Mwenye dawa za presha, za sukari au za virusi, aimbe na ameze. Anayesikia sauti ya kumwambia ajiue, tumshike mkono twende naye kwa daktari, na tuimbe njiani tukitaka.

La nne ni gumu. Daudi alipopiga kinubi, Sauli alipata nafuu. Lakini soma 1 Samweli 18: siku nyingine Daudi akiwa anapiga kinubi hicho hicho, Sauli alimrushia mkuki. Muziki ulituliza fadhaa yake, haukuondoa wivu wake. Wivu ulitaka toba. Sisi wa Gusii tunajua mkuki huo unavyofanana. Oktoba 2021 kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Siulizi waliowaua walikuwa wa dini gani. Najiuliza sisi: yuko omong'ina anayekaa peke yake kwenye benchi letu, watu wakisogea mbali naye kwa sababu ya mambo yanayonong'onwa kijijini? Ukiimba benchi moja na yeye Jumapili, halafu Jumatatu unanyamaza watu wakimtaja vibaya kisimani, umekuwa Sauli. Wimbo wako ulikutuliza wewe tu. Jumapili ijayo nenda ukakae karibu naye. Mpe upande wa kitabu cha nyimbo. Na jina lake likitajwa, lisemee.

Yule mama amenipa ruhusa kuandika haya bila kumtaja. Siku hizi kuna Jumapili anaimba na kuna Jumapili haimbi, na sisi hatuhesabu. Wiki iliyopita kulikuwa na matanga upande wa pili wa kijiji. Nilipofika usiku nilimkuta ameketi karibu na mwenye msiba. Huyo mwingine alikuwa kimya kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Soma Mithali 25:20. Umewahi kumvua mtu sweta kwa wimbo au kwa neno la haraka? Unaweza kumwendea?
2. Nani katika ushirika wetu hajasikika kwa muda? Mtu gani atamtembelea kabla ya Jumapili?
3. Siku uliyoshindwa kuimba, nani alikuimbia?

Tuombe

Baba, asante kwa pumzi. Walio nayo leo, wafanye wasiwe wachoyo. Walioishiwa, wasikie watu wako karibu nao. Tufundishe kuosha vidonda pamoja na kuimba. Katika jina la Yesu. Amina.