Dakika ya Pili Kileleni

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili ambayo yakiwekwa pamoja huzaa swali. Safari linatokana na mzizi unaobeba pia maana ya kufunua, na wanazuoni wa kale walisema iliitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Masimulizi mashuhuri humweleza Khalifa Umar akimhoji mtu aliyejitokeza kumtolea mwenzake ushahidi wa tabia njema: je, ni jirani yake? Amewahi kufanya naye biashara ya fedha? Amewahi kusafiri naye? Rafiki nalo lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lenye maana ya upole, na huko lilikotoka humtaja pia mwenzi wa njiani. Basi safari hufunua, na rafiki hulainisha. Watu wawili wakienda nchi ya ugenini kwa baiskeli, mchana wakipanda vilima na usiku wakilala hema moja, ni lipi kati ya hayo mawili linalopimwa? Nadai kwamba ni la pili. Kufunuliwa ni rahisi, hata mvua hufanya kazi hiyo. Urafiki hupimwa kwa namna watu wanavyongojana.

Rai iliyozoeleka husema kinyume, kwamba mtu halisi hujitokeza akichoka. Aliyeketi kwenye tandiko saa saba, akanyeshewa na kupata pancha mbili, hujibu kwa ukali, nasi huuchukua ukali huo kuwa siri ya moyo wake iliyovuja. Lakini mwili unaosukuma pedali na mizigo tangu asubuhi humaliza akiba yake ya sukari, na ikipungua fikra hulegea na hasira hupanda. Sahani moja ya wali huiondoa. Tabia inayoondolewa na sahani ya wali si undani wa mtu, ni hali ya tumbo lake, na tumbo hilo sote tunalo. Kwa hiyo uchovu hufunua unyonge wa binadamu kwa jumla, na hautuambii mengi kuhusu huyu au yule. Kinachowatofautisha watu ni jinsi kila mmoja anavyoupokea unyonge wa mwenzake ukishaonekana.

Baiskeli huliweka jambo hili wazi kwa sababu ya maumbile ya mwendo wenyewe. Penye tambarare na upepo wa mbele, anayetangulia huikata hewa, na anayejibanza nyuma ya gurudumu lake hupata nafuu kubwa. Nafuu hiyo hukua kadiri mwendo unavyokua: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya kupambana na hewa huhitajika mara nane. Huko kusaidiana ni kwa mwili, tena kwa zamu. Mlimani hesabu hubadilika. Kwenye njia ya Congo Nile nchini Rwanda, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Ziwa Kivu, msafiri hutumia sehemu kubwa ya siku akipanda vilima polepole, na katika mwendo huo hewa si kitu. Mzigo ni uzito, na uzito wako hakuna anayeweza kukupandishia kwa kukaa mbele yako. Aliye na nguvu amebakiwa na mambo mawili tu ya kutoa: kubeba hema na jiko kabla ya kuondoka, na kungoja juu.

Hapo ndipo kosa la kawaida hutendeka. Mwenye nguvu hufika kileleni, huegemeza baiskeli, hunywa maji, hupumzika dakika kumi. Mwenzake anapotokeza anahema, yeye husimama na kusema, “Haya, twende.” Anaamini amengoja. Kwa kweli amepumzika, na aliyehitaji mapumziko zaidi hakupata hata dakika moja. Siku tano za namna hiyo humchosha dhaifu maradufu, kisha tunasema safari imefunua kwamba hawezi. Aristotle aliandika kwamba watu wakiwa marafiki hawana haja ya haki. Kilima kinampinga. Marafiki wanahitaji haki iliyo nyembamba kuliko ile ya mahakama, inayojua kwamba dakika sawa si haki sawa, na kwamba kungoja kwa kweli huanza pale mwenzako anapofika. Dakika za kwanza ni zako. Ya pili, ile unayokaa ingawa miguu yako imeshapoa na inataka kwenda, ndiyo yake.

Atakuja mtu aseme kwamba huko ni kujifunga mnyororo, na kwamba anayependa uhuru na aende peke yake. Ana mifano mizito. Mwaka 1963 Dervla Murphy aliendesha baiskeli peke yake kutoka Ireland hadi India, na hakuna wa kumwambia kwamba safari yake ilipungukiwa. Nakubali. Lakini upweke huo una upande wa pili. Mwaka 1892 Mmarekani Frank Lenz aliondoka kuizunguka dunia peke yake kwa baiskeli. Mwaka 1894 akatoweka mashariki mwa Uturuki. Aliyetumwa kumtafuta mwaka 1895 alikuwa William Sachtleben, ambaye pamoja na rafiki yake Thomas Allen alikuwa ameivuka Asia kutoka Constantinople hadi Beijing katika safari yao ya miaka 1890 hadi 1893. Sisemi kwamba mwenzi angemwokoa Lenz, maana wawili nao huuawa. Nasema kwamba mwenzi ni mtu anayegundua kutokuwepo kwako kabla ya jua kuzama. Anayekungoja ndiye huyohuyo anayejua kuwa umechelewa. Mtu hawezi kuukataa mnyororo akabaki na macho hayo.

Pingamizi la mwisho ni kali zaidi: hii ni starehe ya wenye nauli ya kurudi, nayo shida ya kujitakia haiwezi kufundisha kitu kuhusu urafiki wa nyumbani, ambako shida haichagui mtu. Ni kweli kwamba dhiki ya hema si dhiki ya maradhi wala ya kukosa kazi. Lakini nyumbani tumezungukwa na wasuluhishi: ndugu, majirani, mlango wa kufunga. Mmoja huwa mwenyeji na mwingine mgeni, na cheo hicho huficha mengi. Ugenini wote wawili ni wageni, wana pampu moja na sufuria moja, na kila asubuhi hema linapokunjwa kila mmoja angeweza kushika njia yake. Kwa kuwa kuachana kunawezekana, kungojana hakuwi desturi wala shuruti. Ni ridhaa inayotolewa upya. Wapo wanaorudi kutoka safari kama hiyo wakiwa hawasemezani, na wengi wao husema wamejuana vizuri mno. Huenda kweli walijuana. Walichokosa ni ule upole uliomo ndani ya neno rafiki, nao kileleni hauzidi dakika moja.